Jibu: Bakshishi kwa mgawa karata Las Vegas, ni lazima?

Mkuu, umeuliza kama ukishinda kasino Las Vegas ni lazima umwachie mgawa karata chochote. Lazima hakuna, ila mishahara yao mingi ni midogo, wanategemea bakshishi. Na dola yako haiishii mfukoni mwake: kasino nyingi za kule hukusanya bakshishi zote pamoja, wagawaji wakagawana.

Mimi hucheza 21 (blackjack, karata za kukimbilia jumla ya 21 bila kuipita) meza ya dau la dola 10. Kila baada ya nusu saa hivi naweka chipu (kidude cha kuchezea badala ya pesa) ya dola 1 mbele ya dau langu, nje ya duara la kuwekea dau, namwambia hiyo yako. Nikishinda, naye kashinda. Anaigonga kwenye trei, ko ko, kamera ione, kisha anaitumbukiza kwenye kisanduku cha bakshishi. Usimpe mkononi. Akitoka zamu atapiga makofi na kugeuza viganja, kuonyesha hajaficha kitu.

Nikiliwa napunguza, lakini mgawaji mcheshi simwachi hivi hivi. Karata mbaya hakuzipika yeye.

Kinachokula hela hasa ni maandishi ya mezani, yasome kabla hujakaa. Ukipata 21 ya karata mbili kwa dau la dola 10, meza ya 3 kwa 2 inakulipa 15, ya 6 kwa 5 inakupa 12 tu. Ruleti nayo, lile gurudumu la namba na kigololi, ya sifuri mbili ina nafasi 38, lakini namba moja inalipa mara 35 tu. Safari yangu ya mwisho niling'ang'ania namba 17 ya ruleti mpaka dola 200 zikayeyuka, na za bakshishi humo humo.