Kwa mnaoanza kuchangisha nyumba salama ya akina dada

Ndugu zangu, karibuni kwenye kazi hii. Tumechangisha fedha za nyumba ya akina dada wenye ulemavu wa akili huku Busia, upande wa Uganda, na jambo ninalotaka mlishike mapema ni hili: ombeni mshahara wa mlezi wa usiku kabla ya kuomba matofali.

Sisi tulianza na matofali. Jengo huombeka kirahisi, maana kila mtu anapenda kuona ukuta ukipanda. Nyumba ikaisha, mabati yakang'aa, na mwezi wa tatu tangu tuhamie, mshahara wa mama wa zamu ya usiku ukakosekana. Akaondoka, ana watoto wake wa kulisha. Usiku ule nililala mimi, mkekani, mlango ukinigusa mgongo, nikisikiliza kila bodaboda iliyopunguza mwendo njiani. Wengi wa dada zetu wameumizwa na watu waliowafahamu, hata wa ukoo. Geti la chuma halimzuii mtu anayejua kubisha hodi kwa upole.

Kwa hiyo bajeti ianze na zamu. Kisha posho (unga wa ugali) na maharage, sabuni, pedi, nauli ya zahanati, na dawa za kifafa kwa wanaozihitaji. Dawa hizo zikikatika ghafla, degedege hurudi kwa nguvu, hivyo msizitegemeze kwenye harambee ijayo.

Kwenye harambee ahadi huwa nyingi. Andikeni jina, simu na tarehe, na mpige simu wiki ileile watu wakiwa bado na moyo. Binafsi nawathamini zaidi wanaotuma shilingi 5,000 kila mwezi kwa simu kuliko mgeni rasmi wa milioni moja. Laini ya kupokelea iwe ya shirika, kamwe isiwe ya mweka hazina. Na vibali vitangulie: sheria ya Uganda ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 2016 inataka kibali, tena mkubaliane kwa maandishi na serikali ya wilaya. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, mwende kumwona mapema.

Sasa picha. Mfadhili mmoja alitutaka tumtumie picha za kusikitisha. Nilipoinua simu, dada mmoja akavuta leso akafunika uso wote, akabaki hivyo mpaka nilipoiweka chini. Ombi lile tuliliacha, na fedha zake pia. Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na unasema wazi kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuamua mambo yake. Ndugu yake kukubali hakutoshi. Mwonyesheni picha yenyewe, mwelezeni kwa maneno mepesi nani ataiona, na kesho yake mumwulize tena. Wafadhili watumieni risiti, au picha ya mikono ikimenya matoke. Mahali nyumba ilipo msipatangaze kabisa.

Na kabla ya kuandika ombi lolote, kaeni na dada wenyewe. Sisi tuliwaza televisheni na magodoro mapya. Tulipouliza, mmoja akanishika mkono akanipeleka bafuni, akanionyesha mlango kwa ndani, palipokuwa patupu. Ombi lililofuata lilianza na mstari huu: komeo la bafu, shilingi 8,000.