Sambaza na divai nyekundu? Hapana yaya

Yaya, umeuliza kama ile chupa ya nyekundu uliyonunua itaenda na sambaza, tule tusamaki tudogo twa ziwa Kivu, siku ya fete. Iache kwanza. Nyekundu nzito ikikutana na samaki unasikia mdomoni kama umelamba musumari, ni kale kachuma kadogo kako ndani ya divai ndio kanaleta ile ladha, mimi nilifanya hiyo kosa kwa ubatizo wa mtoto wetu hapa Goma na watu wakarudilia bia zao polepole bila kusema neno.

Kwa sambaza ya kukaanga tafuta nyeupe yenye kukata, Sauvignon Blanc ao Chenin ya Afrika Kusini, ule uchachu unafanya kazi ya ndimu, unaondoa mafuta kwa ulimi. Iweke ku frigo mapema, umeme ukikatika basi ndoo ya maji na barafu.

Nyekundu yako itunzie mbuzi ya kuchoma. Tanini, ile kitu inakausha ulimi, ikipata nyama na mafuta inalegea kabisa. Ila pilipili punguza juu alkoli inaongezea moto wake, halafu mtasema divai ni mbaya kumbe hapana. Ukipata Pinotage chukua, ni zabibu ya kule Stellenbosch, Afrika Kusini, walichanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut, mwaka 1925, na mimi naionaka na kamoshi fulani kanapendana na makala ya kuchomea nyama.

Na fromaji, ile jibini ya Masisi, ujaribu na nyeupe. Vikombe vya plastiki tu ndio nakuomba usilete.