Muulize Kocha: glovu zimekauka kama gome

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni kipa wa timu ya mtaa huku Igoma, nina miaka 17. Nimejichanga miezi mitatu nikanunua glovu mpya pale mjini, mechi ya tatu tu viganja vimekuwa vigumu vinapasukapasuka na mpira unateleza. Nilikuwa nazifua kila wikiendi kwa sabuni ya unga, naanika juu ya jiwe nyuma ya nyumba zikauke haraka. Nimeuziwa feki au?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana aisee, hela ya kujichanga inauma. Ila sidhani kama ni feki, mi nadhani kilichoziua ni lile jiwe. Mawe yetu ya Mwanza unayajua, saa nane mchana hata unyayo huweki, sasa kiganja cha glovu ni lateksi, yaani mpira laini wenye vitundu vitundu kama sponji, ukikilaza pale kinachomwa na jua juu na jiwe chini, unyevu wote unaisha ndo kinakuwa kama gome. Na sabuni ya unga nayo kali mno kwa lateksi.

Ukitoka mechi zioshe siku hiyo hiyo, usisubiri wikiendi, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya mtoto, sugua taratibu kwa vidole mpaka maji yatoke meupe, halafu kamua kwa kubonyeza. Usisokote kama dekio! Anika kivulini penye upepo, na usilaze kiganja juu ya kiganja maana vinagandana, ukija kuvitenganisha lateksi inanyofoka. Kuziacha mbichi kwenye begi nako hapana, nilishafanya hivyo siku mbili tu nikakuta ukungu na harufu haikutoka tena. Kabla ya mechi lowesha viganja kidogo, lateksi ikiwa na unyevu ndo inanata.

Uwanja pia unachangia, kama mnachezea kwenye vumbi na kokoto usinunue ile lateksi laini sana, inadaka vizuri kweli ila inaisha upesi, chukua ngumu kidogo. Na ukidondoka jiinue kwa ngumi, usijisukume kwa viganja, hapo ndo makipa wengi wanamalizia glovu zao. Saizi pima mzunguko wa kiganja kwa inchi bila dole gumba, ikiwa na nusu panda juu, halafu ongeza moja, mfano inchi 7 na nusu unahesabu 8, unavaa namba 9.

Hizo ulizonazo usizitupe, zilowanishe uone zimelainika kiasi gani, zikikubali zifanye za mazoezi.

SWALI: Kocha habari, tuna mechi Nyamagana kwenye nyasi bandia, njumu zangu zina meno marefu ya chuma, zinafaa?

JIBU: Salama kaka. Hapana, hizo usiingie nazo, meno marefu yanang'ang'ania kapeti, mwili unageuka na mguu umebaki, goti ndo linalipa. Tafuta zenye vimeno vifupi vingi vya mpira, hata mitumba pale Mlango Mmoja ukichagua kwa utulivu utapata, ila kunja soli kwanza uangalie kama gundi inaachia, na uende jioni na soksi zako za mpira, mguu ukiwa umevimba kidogo kama unavyokuwa mechini.