Mleta uzi, usirudishe funguo za chumba

Acha kwanza. Hata kama umeshamwambia mama mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi unatoka, rudi kamwambie ulikuwa na homa ukaweweseka.

Nimeusoma uzi wako mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Una Hiace, unauza mitumba kwenye magulio ya Kisesa, Magu na Misungwi, biashara imelala tangu Januari. Umepata kazi ya kutunza stoo kiwanda cha samaki, laki nne na nusu kwa mwezi. Unataka uikatae, uachie chumba Nyakato, uhamie kwenye gari mpaka biashara isimame. Halafu unauliza sola ya wati ngapi, godoro la inchi ngapi, bima ipi, uegeshe wapi, na mchumba umwambieje. Na wadau wanakujaza: "jilipue mkuu", "mwanaume kupambana". Wote hao wanaandika wakiwa wamejilaza vitandani. Na huyo anayesema Ulaya watu wanaishi kwenye magari kwa raha zao, mwulize hao wakichoka wanarudi wapi.

Mimi nimelala kwenye gari Mwanza hii hii miezi saba, Oktoba 2019 mpaka Mei 2020. Hiace ya mizigo, mlango wa pembeni haufunguki mpaka uubembeleze. Nilikuwa napakia dagaa Mwaloni, Kirumba, napeleka Shinyanga na Kahama, usiku nalala juu ya magunia. Harufu sitaieleza. Nitakwambia tu kwamba paka wa Kirumba walikuwa wananisindikiza, na Jumapili kanisani benchi zima lilikuwa langu.

Aliyenipoteza ni jamaa mmoja wa semina za ujasiriamali. Simtaji, ana wafuasi wengi na mimi sina hela ya wakili. Ukumbi wa hoteli, kiingilio elfu hamsini, soda moja. Akatuambia mjasiriamali wa kweli akishavuka maji anauchoma mtumbwi ili asirudi nyuma. Tukapiga makofi. Mkuu, mimi nimezaliwa Ukerewe! Mvuvi gani anachoma mtumbwi? Sasa utarudi na nini nyumbani, utaogelea na samaki mkononi? Babu yangu angemsikia angemtandika na kasia. Lakini kiyoyozi kinapuliza, mtu kavaa suti, nikasahau nilikotoka. Baadaye nikaja kujua yeye mwenyewe ni mwajiriwa, mshahara wake unaingia kila mwezi bila kukosa.

Nikarudisha funguo. Chumba kilikuwa elfu sitini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo nikajiona nimeokota laki tatu na sitini. Nikauza kitanda na jiko la gesi, zote nikaziingiza kwenye dagaa. Sasa piga hesabu nami. Mlinzi wa pale nilipoegesha, buku kila usiku: elfu thelathini kwa mwezi. Choo cha kulipia na kuoga, buku nyingine kwa siku: elfu thelathini. Jumla elfu sitini. Yaani nilikuwa nalipa kodi ya chumba ili nisiwe na chumba. Na bado sijaweka mama ntilie, maana jiko niliuza.

Lakini hayo ni maumivu madogo. Kosa lililonimaliza ni moja, na ndilo naliona kwenye uzi wako.

Dagaa wanavuliwa giza, taa zinawavuta. Mbalamwezi ikitoka taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika kama siku kumi na bei Mwaloni inapaa. Hilo nilikuwa nalijua. Nilichosahau ni kwamba nikiwa na chumba, siku hizo kumi nakaa ndani nakunywa uji nasubiri. Kwenye gari hakuna kusubiri, kila siku inakula hela. Ikaja masika ya 2020, ziwa likafura kuliko hata mwaka 1964, michanga ya kuanikia dagaa ikafunikwa na maji. Mtaji ukakatika. Nikaenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, nikachukua milioni moja na nusu, rejesho laki na ishirini na tano kila wiki kwa wiki kumi na sita. Dhamana? Kadi ya gari. Yaani niliweka rehani biashara, usafiri na kitanda changu kwa saini moja, nikatoka pale natabasamu.

Wiki ya tano, kabla sijafika Misungwi, mshale wa joto ukapanda. Gasketi imeungua. Tukavutwa mpaka gereji Igoma, fundi akasema wiki moja. Fundi akisema wiki unajua mwenyewe, zilikuwa siku kumi na tisa. Na mtu ambaye nyumba yake iko gereji analala wapi? Humo humo. Gari limepandishwa kwenye magogo, injini iko chini imelazwa juu ya gunia, mimi niko ndani na shuka. Asubuhi fundi ananigongea bodi na spana: "Mzee wa dagaa, shuka, nataka kuingia uvunguni." Magunia kumi na manne yalikuwa nje chini ya turubai lenye matundu, mvua inapiga. Siku ya nane yakaanza kutembea. Nikayauza kwa watengeneza chakula cha kuku, bei nisiyopenda kuiandika hapa.

Gari lilipona Jumatano. Alhamisi alfajiri nikahisi linatikisika, nikadhani tetemeko. Ni brekidauni inaninyanyua. Vijana wa kausha damu walikuwa wamemsubiri fundi amalize kwanza, washenzi wale, gharama za injini nimelipa mimi. Wakanipa dakika tano nitoe vitu vyangu. Nikabaki barabarani nimekumbatia godoro, natazama nyumba yangu inakata kona.

Nikakumbuka kazi ya karani wa mizani niliyoikataa mwaka uliopita. Bahati nzuri nafasi ilikuwepo. Wakataka barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Nikaenda mtaa wangu wa zamani, mwenyekiti akasema, "Wewe si ulihama?" Nikaenda mtaa wa gereji, mjumbe akanitazama kwa huruma: "Kijana, gereji siyo kaya." Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya vijana, nayo vikundi vyake vinaanzia huko huko mtaani. Hela ya bei rahisi inataka ujulikane unalala wapi. Kausha damu peke yake ndiye haulizi.

Kwa hiyo ninachokwambia ni hiki tu: kitanda na mtaji visikae kwenye ufunguo mmoja. Biashara ikifa, ife yenyewe, wewe uwe na mlango wa kufunga ulie kwa faragha. Mitumba haiozi kama dagaa, utasema. Sawa, ila Hiace inaungua gasketi bila kuuliza umepakia nini. Chukua hiyo kazi, chumba kikae, gulio uende siku zako za mapumziko. Ukikopa, kadi ya gari ibaki kabatini, na kabati liwe ndani ya nyumba.

Mimi alinipokea dada yangu Buhongwa. Godoro alilianika nje siku nne ndipo akaniruhusu niingie nalo sebuleni, na barua ya mtaa akaniombea yeye. Mizani nilikaa nayo miaka mitatu. Siku hizi nina Kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, inalala getini, mimi nalala ndani.

Kodi yako inaisha tarehe ngapi? Jibu hilo kwanza.

Naona uliuliza na sola. Sijui mkuu, mimi nilikuwa na tochi.