2500 ilitoka lini, 2800 iliingia lini? Maswali yenu ya Git, kitunza historia ya msimbo

*Yaya, programu ya depo yetu ya unga, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, inageuza dola kwa faranga 2800. Zamani ilikuwa 2500. Bosi anataka kujua ilibadilishwa lini. Nikipiga git blame naletewa komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya juzi, na hiyo ilipanga tu nafasi mwanzoni mwa mistari.*

Git blame inajibu swali moja: nani wa mwisho kuugusa mstari? Aliyesogeza nafasi tu ndiye anayebeba jina, maskini. Ukiongeza -w itazipuuza nafasi, lakini bado hilo si swali lako. Wewe unatafuta namba, basi itafute namba yenyewe:

git log -S "2800" -p -- bei.py

Hapo Git inahesabu 2800 inaonekana mara ngapi kwenye faili kabla na baada ya kila komiti. Hesabu ikibadilika, komiti inatajwa. Ikibaki ileile, inarukwa. Ndiyo maana ile ya kupanga nafasi haitatokea. Kisha rudia kwa "2500". Namba ya zamani ikitoka kwenye komiti moja na mpya ikaingia kwenye nyingine, jua katikati palikuwa na bei ya tatu, na huyo bosi wako ataipenda habari hiyo kuliko jina la mtu.

Usitafute TAUX_USD, jina linaloibeba namba hiyo kwenye msimbo, kwa -S. Jina hilo lilikuwepo kabla na baada, hesabu haikusogea, kuhusu badiliko lako utapata kimya. Kwa jina tumia -G "TAUX_USD", inayochungulia kila mstari ulioongezwa au kuondolewa. Ila hapo komiti za nafasi zitarudi.

*Mradi una miaka, lakini kwangu historia ina komiti moja tu. Nilivuta kwa --depth 1 kwa sababu ya mega (data ya intaneti).*

Umejijibu. Ulichonacho ni nakala iliyokatwa, na blame itambebesha mistari yote mtu wa komiti hiyo moja. Tafuta mahali penye wifi nzuri, piga git fetch --unshallow, ndipo uanze kutafuta. Kwa wengine, ambao historia ya faili moja tu ndiyo inakatika ghafla: huenda faili lilibadilishwa jina. Jaribu git log --follow.

*Risiti zinatoka na jumla mbaya, na sijui hata neno la kutafuta.*

Git bisect. Anza kwa git bisect start, kisha git bisect bad kwa hali ya leo, na git bisect good pamoja na komiti ya zamani unayojua ilikuwa sawa. Git inakupeleka katikati, unajaribu risiti, unaijibu good au bad, inakata tena nusu. Komiti 1000 zinaisha kwa majaribio kama 10. Ukiwa na skripti ya kujaribu, iachie git bisect run: skripti ikirudisha 0 ni nzima, 1 ni mbovu, 125 ni "ruka, hii haijaribiki". Ukimaliza, git bisect reset. Wengi wanaisahau hiyo, halafu wanashangaa msimbo wao mpya umeenda wapi.

*Mwenzangu yuko Kinshasa. Anasema aliandika badiliko Alhamisi, nikitafuta kwa --since naliona la Jumapili. Ni ile saa moja tunayowazidi?*

Hapana, saa moja haileti siku tatu. Kila komiti ina tarehe mbili: ya kuandikwa na ya kuwekwa. Rebase, yaani kuzihamishia komiti juu ya msingi mpya, huiacha ya kwanza ilivyo na kubadilisha ya pili, na --since hufuata ya pili. Zione zote kwa git log --format=fuller. Ile saa moja utaiondoa kwa --date=local.

Nawe wa depo, soma na hili: hakuna hata moja kati ya tarehe hizo inayosema lini mteja alianza kulipa kwa 2800. Hiyo ni siku programu mpya ilipowekwa kwenye mashine ya kaunta, nayo haimo ndani ya Git, isipokuwa mliweka alama kwa git tag. Angalia risiti.