Dola 400 za Tangazo: Unachodhani Unalipia Kwenye Meli ya Kitalii

Meli kubwa nyeupe ikitia nanga Mombasa au Zanzibar, abiria wanaoshuka mara nyingi ni wastaafu wenye kofia pana na fimbo za kutembelea. Anayetazama kutoka ufukweni huondoka na imani mbili: kwamba hiyo ni starehe ya wazee matajiri, na kwamba akipata hela ataipandia hapo hapo. Meli nyingi zinazopita kwetu ziko katikati ya mizunguko mirefu, na abiria wake walipandia mbali. Kwa mtu wa Nairobi au Dar, mlango wa karibu ni Durban. Kati ya Novemba na Aprili hivi, kampuni ya meli za kitalii ya MSC huendesha kutoka huko safari fupi za siku chache kuelekea pwani ya Msumbiji. Mlango wa pili ni Ghuba, yaani Dubai, Abu Dhabi au Doha, miezi ya baridi. Urefu wa safari ndio unaopanga umri wa abiria. Ukikaa wiki tatu baharini utakula na wastaafu. Ukienda usiku nne kutoka Durban utagombania kiti cha bwawani na watoto wa shule.

Sasa bei, maana hapo ndipo watu huumia.

Tangazo likisema dola 400, maana yake ni dola 400 kwa kila mtu, katika chumba cha watu wawili. Ukienda peke yako, kampuni nyingi hukutoza na kitanda kisichokuwa na mtu, hivyo jiandae kwa karibu dola 800. Chumba chenyewe cha bei hiyo ni cha ndani, hakina dirisha, na ukubwa wake ni kama mita za mraba 15.

Nauli hiyo inalipia chumba, chakula cha mgahawa mkuu na cha kujipakulia, maonyesho ya jioni, bwawa na, kwa kawaida, klabu ya watoto. Maji, chai na kahawa ya kawaida utavipata kwenye meza za kujipakulia. Soda, katika meli nyingi, inalipiwa. Watu huagiza Coca-Cola sita kwa siku wakidhani ni za bure kama wali, kisha hushtuka siku ya mwisho.

Tupige hesabu ya mfano, wawili kwa usiku nne. Nauli, 800. Ushuru wa bandari, kama haumo kwenye bei, tuseme 60 kwa kila mmoja: 120. Bakshishi ya wahudumu, inayoingizwa yenyewe kwenye bili, dola 15 kwa mtu kwa siku: 120. Kifurushi cha vinywaji cha dola 50 kwa mtu kwa siku: 400. Intaneti ya simu moja, dola 20 kwa siku: 80. Matembezi ya nchi kavu mara moja, 60 kwa kila mtu: 120. Jumla ni dola 1,640, na hujagusa tiketi ya ndege, bima wala hoteli ya usiku wa kabla ya kupanda. Viwango hubadilika kutoka kampuni hadi kampuni, lakini nauli kuzaa mara mbili yake ni jambo la kawaida kabisa.

Kinachopunguza bili kuliko vyote ni kuachana na kifurushi cha vinywaji. Kampuni nyingi haziruhusu mtu mzima mmoja chumbani akinunue peke yake, lazima wote wanunue. Kama mwenzako hanywi pombe, mnalipia juisi kwa bei ya mvinyo.

Tena humo ndani hakuna noti wala pesa ya simu. Unapewa kadi ya meli, nayo inaunganishwa na kadi yako ya benki. Ukitumia kadi ya debiti, meli huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye akaunti yako. Bado ni chako lakini huwezi kukigusa, na kinaweza kukaa hivyo siku kadhaa baada ya safari. Usiingie na kadi yenye pesa ya kodi ya nyumba. Uliza kaunta kama wanapokea amana ya pesa taslimu.

Dhana inayoharibu safari nzima ni ya viza. Watu husema, "Mimi nalala melini, viza ya nini?" Meli ikitoka Dubai kwenda Doha na kurudi Dubai, umetoka nchini na kuingia upya, na viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Hali ni hiyo hiyo Barcelona meli ikipita Tunis: viza yako ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, lazima iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Ukaguzi unafanyika kaunta ya kupandia. Ukikataliwa hapo, kwa kawaida hurudishiwi nauli. Wakenya na Watanzania wanaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90, ndiyo maana Durban ni rahisi kuanzia, ila masharti ya kila nchi iliyomo kwenye ratiba yaulizie kwa maandishi kabla ya kulipa. Kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ichukue, uambiwe usiambiwe. Nchi kadhaa za Karibiani, Bahamas na Jamaica zikiwemo, huitaka kwa mtu anayetoka eneo lenye homa hiyo.

Meli haingoji mtu. Milango hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga, na ndege ya asubuhi hiyo hiyo ni kamari. Wengi wanaokwenda Durban hubadilisha ndege Johannesburg, na uwanja wa ndege wa Durban, King Shaka, uko kilomita kama 35 kutoka mjini. Fika siku moja kabla. Mkishuka bandari za njiani, fuata saa ya meli, kwani saa ya simu inaweza kujibadilisha yenyewe kwa mtandao wa nchi kavu. Matembezi yaliyonunuliwa melini yakichelewa, meli huwasubiri. Ukichukua teksi yako ikapasuka gurudumu, utaiona meli kwa mgongo.

Na bandari iliyoandikwa kwenye ratiba si ahadi. Kisiwa cha Ureno (Portuguese Island) na ufuko wa Pomene, vyote vya Msumbiji, hakuna gati ya meli hizo, abiria hushushwa kwa boti. Bahari ikichafuka nahodha hupita moja kwa moja, na mkataba unamruhusu. Mara nyingi unachorudishiwa ni ushuru wa bandari hiyo tu.

Kuhusu kuchafukwa na bahari, meli hizi zina mapezi chini ya maji yanayopunguza kuyumba kwa upande. Kupanda na kushuka kwa omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, hayazuii. Wahenga walishasema, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, ngama ni tumbo lake la chini), na kwa kuchagua chumba methali hii ichukue kama ilivyo: katikati ya meli, sitaha za chini. Wanaopenda kulipia vyumba vya juu kabisa mbele ndio wanaoyumbishwa zaidi. Dawa ya kichefuchefu, kama meklizini, humezwa saa moja kabla ya mawimbi. Ukishaanza kutapika imechelewa. Wajawazito waulize mapema, kwa sababu kampuni nyingi hazimpokei atakayefikisha wiki 24 kabla ya safari kuisha.

Tumbo la kuharisha la melini mara nyingi ni virusi vya noro, navyo havijali sana ile jeli ya mikono iliyowekwa mlangoni mwa mgahawa. Nawa kwa sabuni na maji tiririka kila kabla ya kula.

Chakula cha halali usikichukulie kuwa kipo kwa sababu meli inatoka Ghuba. Andika ombi wiki kadhaa kabla, upate jibu la barua pepe, ulichapishe, umwonyeshe mkuu wa mgahawa usiku wa kwanza. Bila hivyo, tegemea samaki na mboga.

Pasi na birika la umeme viache nyumbani, vitachukuliwa kwenye ukaguzi. Begi kubwa hukabidhiwa gatini na hufika chumbani saa kadhaa baadaye, kwa hiyo pasipoti, dawa na nguo ya kuogelea vikae kwenye mkoba wa mkononi. Usiku wa mwisho begi hilo huwekwa nje ya mlango kabla ya saa sita, na wahudumu hulichukua. Kabla hujalisukuma koridoni, hakikisha suruali na viatu vya kesho vimebaki ndani. Kila safari kuna mtu anayeteremka ngazi za meli na nguo za kulalia.