Kufunga huku ya tela mwenyewe

Ndugu yangu wa Raskazone, umeuliza kama unaweza kufunga huku, yaani ndoano ya chuma ya nyuma ya gari ya kuvutia tela la boti, nyumbani. Unaweza, ila ifunge kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma iliyobeba gari, si kwenye bampa. Hapa Tanga chumvi ya bahari inakula chuma, kwa hiyo ingia uvunguni, sugua chesisi kwa brashi ya waya, kisha gonga na nyundo ndogo. Magamba ya kutu yakidondoka au chuma kikibonyea, acha kwanza, kachomelee. Na tafadhali, gari likae juu ya stendi, usiamini jeki peke yake. Nati zikaze kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kipimo kiko kwenye maelekezo ya huku, uzikague tena baada ya safari ya kwanza. Usisahau waya za taa za tela.